Mishipa Myeupe ya Sakafu ya Bahari: Uchambuzi wa Isotopu za Kabonati katika Miamba ya Volkeno

Katika maswali yote yahusuyo hewa ya dunia yetu, hakuna lililo la msingi zaidi, na tena linalozungumzwa kwa uchache zaidi, kuliko hili: hewa ukaa ambayo volkeno zimekuwa zikiitoa tangu zama za mwanzo za sayari hii, pasipo kukoma, huishia wapi, hata isilundikane angani na kuifanya ardhi iwe tanuri lisilokalika kama ilivyo Zuhura? Jibu lililozoeleka vitabuni ni kwamba mvua huichukua hewa hiyo na kuyamung'unya majabali ya nchi kavu, kisha mito hubeba chumvi zake hadi baharini, na huko matumbawe, chaza na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho huzitwaa na kujengea maganda yao ya chokaa. Jibu hilo ni la kweli, lakini halijatimia. Chini ya matope yaliyotandaa juu ya sakafu ya bahari kuu iko miamba ya volkeno iliyojaa nyufa, na ndani ya nyufa hizo imeganda chokaa ya namna nyingine, isiyojengwa na kiumbe yeyote, bali iliyozaliwa kwa kukutana maji ya bahari na jiwe lililotoka motoni. Ni kiasi gani cha hewa ukaa kilichofungwa humo, kilifungwa lini, katika joto gani, na kilitoka wapi, hayo ndiyo ninayokusudia kuyachambua. Na shahidi mkuu wa kuyajibu ni isotopu za kabonati hizo zenyewe.

Niiseme hoja yangu mapema, ili msomaji aipime kadiri tunavyokwenda. Elimu hii imesonga mbele kila mara watafiti walipowakutanisha mashahidi wawili au watatu juu ya kipande kimoja cha mwamba, na imepotea njia kila mara waliporidhika na tarakimu moja. Isotopu ya oksijeni pekee, au ya kaboni pekee, hata ikipimwa kwa usahihi wa kustaajabisha, haitoshi kuhukumia.

Kwanza tuitazame mishipa yenyewe inavyopatikana. Sakafu ya bahari huzaliwa kwenye matuta ya milima yaliyofichika chini ya maji, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 60,000, mahali ambapo mabamba ya gamba la dunia hutengana na zaha ikapanda kuziba pengo. Zaha hiyo ikikutana na maji yenye baridi ya digrii mbili hivi huganda ghafula, ikawa mabonge ya basalti yaliyolaliana, yenye ngozi ya kioo cheusi na nyufa tele. Maji ya bahari hupenya nyufani, hupata joto polepole, na kuanza kubadilishana mali na mwamba: magnesi iliyomo majini huingia katika udongo wa mfinyanzi unaoota mahali pa kioo, na kalisi iliyokuwa katika kioo na katika felspa hutoka na kuingia majini, huku asidi ya maji ikipungua. Basi kaboni iliyokuwa imeyeyuka majini hukutana na kalisi hiyo, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo chokaa inavyoshindwa kubaki imeyeyuka, kama ukoko mweupe unavyoshika ndani ya birika la chai. Kinachoganda ni kalsiti, au aragoniti, ambayo ni ndugu yake mwenye kemia ile ile lakini mpangilio tofauti wa atomu. Kikemia ni chokaa ile ile ya matumbawe iliyochomwa katika matanuri ya mwambao kujengea nyumba za Lamu na Unguja. Tofauti yao ni nasaba.

Kuifikia mishipa hii si kazi nyepesi. Mwaka 1961, katika jaribio lililoitwa Mohole, Wamarekani walishusha keekee karibu na kisiwa cha Guadalupe cha Meksiko, katika maji ya kina cha mita 3,500 na zaidi, wakatoboa matope na kuigusa basalti kwa mara ya kwanza. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kudumu wa kuchimba bahari kuu kwa meli iliyoitwa Glomar Challenger, na tangu mwaka 1985 kazi hiyo ikarithiwa na JOIDES Resolution, iliyokoma safari zake za utafiti mwaka 2024. Keekee hutoa mwamba kwa vipande vya mviringo, ambavyo hupasuliwa kwa msumeno na kulazwa katika sinia ndefu. Ukivitazama, basalti ni ya kijivu iliyoiva, mara nyingine imegeuka rangi ya kutu pale oksijeni ya maji ilipofika, nayo mishipa ya kalsiti huikata kwa mistari myeupe, mingi yake myembamba isiyofika nusu sentimeta, ikiwa na kingo za udongo wa kijani. Tone la asidi likiangushwa juu ya mstari huo mweupe, hutoka povu papo hapo. Mtafiti hukwangua unga kwa keekee ndogo mfano wa ile ya mganga wa meno, kiasi ambacho hakingeonekana juu ya ukucha, kisha huumimina katika asidi ya fosforasi, kwa utaratibu uliotangazwa na McCrea mwaka 1950. Unga ukitoa hewa ukaa, hewa hiyo hupelekwa katika spektromita inayozitenga molekyuli kwa uzito wake, 44 upande huu, 45 katikati, na 46 upande ule. Katika tofauti za tarakimu hizo tatu ndimo ilimofichika habari tunayoitafuta.

Maana atomu za elementi moja hazilingani zote kwa uzito. Kaboni karibu yote ni ya uzito wa 12, ila sehemu moja hivi katika mia ni ya uzito wa 13. Oksijeni karibu yote ni ya 16, ila sehemu mbili katika elfu ni ya 18. Kwa kemia ya kila siku tofauti hiyo haina athari ya kutajika, lakini pale kitu kinapoganda kutoka majini, atomu nzito hupendelea kidogo kukaa ndani ya jiwe, na upendeleo huo hupungua joto linapozidi. Harold Urey, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1934 kwa kuigundua hidrojeni nzito, aliieleza kanuni hii kwa hesabu mwaka 1947, naye akatambua mara moja kwamba jiwe la chokaa laweza kuwa kipimajoto cha bahari zilizokwisha kutoweka. Yeye na wenzake wa Chicago waliweka mizani yao juu ya gamba la mnyama wa kale wa jamii ya ngisi, lililookotwa katika matabaka ya Pee Dee huko Carolina Kusini, na hata leo kaboni ya dunia nzima hupimwa kwa kulinganishwa na kipimo kilichorithi jina la mahali hapo.

Kwa kalsiti, badiliko la sehemu moja kwa elfu katika oksijeni yake huwa sawa na digrii nne au tano za joto. Tuchukue mfano wa hesabu: mshipa wenye oksijeni nzito iliyozidi kipimo cha maji ya bahari kwa sehemu 31 kwa elfu. Ikiwa maji yaliyouzaa yalikuwa sawa na maji ya bahari ya leo, basi uliganda katika joto la digrii 15 hivi. Lakini ikiwa uliganda katika zama za Kretasia, wakati ambapo hapakuwa na barafu kubwa kwenye ncha za dunia, na kwa hiyo maji ya bahari yalikuwa na upungufu wa sehemu moja kwa elfu, hesabu ile ile hutoa digrii 11. Na ikiwa maji yalikwisha kukaa muda mrefu nyufani yakibadilishana oksijeni na basalti, jibu hubadilika tena. Kipimajoto cha Urey, kwa maneno mengine, hakisomi joto; husoma joto na asili ya maji vikiwa vimechanganyika, na anayetaka kimoja lazima akijue kingine kwa njia nyingine. Pamoja na tahadhari hiyo, visima vingi vilivyochimbwa katika Atlantiki na Pasifiki vimekubaliana juu ya jambo moja: sehemu kubwa ya kabonati za basalti ya juu ziliganda katika joto dogo, baina ya digrii chache na digrii 60 au zaidi kidogo, wala si katika joto la chemchemi za moshi mweusi zinazochemka kwa digrii 350 kwenye vilele vya matuta. Hazikuzaliwa kwa ghadhabu ya volkeno. Zilizaliwa baada ya volkeno kunyamaza, ubavuni mwa matuta, maji yalipokuwa yakipita kwa upole.

Upande wa kaboni shahidi wetu huulizwa swali jingine, la nasaba. Kaboni iliyoyeyuka katika maji ya bahari kuu huwa karibu na sifuri katika mizani ya Pee Dee, au sehemu moja juu yake. Kaboni inayopanda na magma kutoka tabaka la chini ya gamba la dunia huwa na upungufu wa sehemu tano au sita kwa elfu. Nayo kaboni iliyopitia miilini mwa viumbe huwa na upungufu wa 25 hivi. Kwa kipimo cha magma hatuna haja ya kwenda mbali, kwani Ol Doinyo Lengai, mlima wa Mungu wa Wamaasai kaskazini mwa Tanzania, ndio volkeno pekee iliyo hai duniani inayotoa zaha ya kabonati ya sodiamu, jambo lililothibitishwa mbele ya wanazuoni mwaka 1962 na J. B. Dawson. Zaha yake ikiwa mbichi ina kaboni yenye upungufu wa sita hadi saba kwa elfu, na oksijeni iliyo karibu sana na ile ya basalti safi. Madini yake makuu mawili huitwa nyerereaiti na gregoryaiti, la kwanza likiwa na jina la Mwalimu Julius Nyerere. Zaha hiyo ikipigwa na mvua au umande huanza kugeuka nyeupe mara moja, na oksijeni yake ya asili huanza kufutika pamoja na rangi yake ya asili. Aliyechelewa kuiokota hupima mvua badala ya volkeno.

Kwa kipimo hicho, kabonati nyingi za sakafu ya bahari zinajitambulisha wazi kuwa ni za maji ya bahari: kaboni yao iko karibu na sifuri au juu yake kidogo. Hivyo ni kusema kwamba volkeno ilitoa jiwe, lakini bahari ndiyo iliyotoa kaboni. Ushahidi huu una uzito mkubwa, kwa sababu unathibitisha kwamba gamba la bahari huinyonya hewa ukaa iliyokwisha kuingia katika bahari na anga, wala halibadilishi tu mahali pa kaboni iliyokuwa yake tangu awali. Lakini hutokea mishipa yenye upungufu wa tano kwa elfu, na hapo ndipo haraka ilipowaponza wengi. Tarakimu hiyo yaweza kuwa alama ya magma, sawasawa na Lengai. Na yaweza pia kuwa mchanganyiko wa sehemu nne za kaboni ya bahari na sehemu moja ya kaboni ya viumbe, ambao hesabu yake huangukia papo hapo, kwenye tano kasoro. Tarakimu moja, visa viwili visivyohusiana. Ikiwa oksijeni ya mshipa huo yasema uliganda katika baridi, na strontiamu yake ni ya maji ya bahari, dai la magma huporomoka. Ikiwa yasema joto la mamia ya digrii, hupata nguvu.

Nimeitaja strontiamu, na sasa niifafanue, maana bila yeye habari hii ingekosa tarehe. Strontiamu hufanana na kalisi kwa tabia, hata huingia ndani ya kalsiti kama mgeni aliyekaribishwa, na uwiano wa isotopu yake ya 87 kwa ile ya 86 hautegemei joto. Katika maji ya bahari ya leo uwiano huo ni 0.7092, katika basalti safi ya matuta ni 0.7025 hadi 0.7030, na katika bahari ya zamani ulikuwa ukipanda na kushuka kwa mwendo uliokwisha kuorodheshwa, ukafika chini kabisa, karibu na 0.7068, katika zama za Jura. Kwa hiyo mshipa uliozaliwa kwa maji ya bahari yasiyochanganyika hubeba muhuri wa wakati wake. Hubert Staudigel na Stanley Hart walitumia njia hii kwa visima namba 417 na 418 vya Atlantiki ya magharibi, katika basalti yenye umri wa miaka milioni 120 hivi, wakabainisha kwamba mishipa mingi iliganda katika miaka milioni 10 hadi 20 ya kwanza ya uhai wa mwamba, si kwa kuongezeka kidogo kidogo hadi leo. Nao muhuri huu huweza kughushiwa, kwani maji yaliyolamba strontiamu ya basalti hushuka uwiano na kuonekana ya zama nyingine. Ndiyo maana watafiti waangalifu huupima uwiano huo sambamba na oksijeni: mishipa ya baridi huwa na strontiamu ya bahari, na kadiri joto linavyopanda ndivyo strontiamu inavyoelekea upande wa mwamba. Mshipa ulioiasi kanuni hiyo hutengwa, usipewe tarehe.

Msomaji atauliza faida ya tarehe hizo ni nini, na hapa tunaingia katika mgogoro ambao ndio moyo wa suala zima. Jeffrey Alt na Damon Teagle walikadiria mwaka 1999 kwamba gamba la bahari hunyonya takriban moli trilioni 3.4 za kaboni kwa mwaka, yaani tani milioni 40 hivi. Kathryn Gillis na Laurence Coogan wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, wakaonyesha mwaka 2011 kwamba basalti iliyozaliwa katika zama za mwisho za Mesozoiki, dunia ilipokuwa na joto, ina kabonati nyingi mara kadhaa kuliko basalti iliyozaliwa katika zama za karibu, dunia ilipokwisha kupoa. Kama ni hivyo, basi sakafu ya bahari ni mdhibiti wa hali ya hewa: dunia ikipata joto, maji ya kilindini hupata joto, basalti huoza upesi zaidi, kalisi hutoka kwa wingi, na hewa ukaa hufungwa kwa wingi hadi dunia ipoe. Mwaka 1981 Walker, Hays na Kasting walikuwa wameeleza udhibiti wa namna hiyo kwa miamba ya nchi kavu. Sasa bahari yadai sehemu yake.

Pingamizi la kwanza ni jepesi kulitamka: mwamba mkongwe una kabonati nyingi kwa sababu umekuwa na muda mrefu wa kuzikusanya. Hapo strontiamu hujibu bila kusita, kwamba mishipa ya mwamba mkongwe iliganda ujanani mwake, kwa hiyo umri si sababu. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Rosalind Coggon na wenzake walitangaza mwaka 2010, kwa kuichunguza mishipa hii hii, kwamba kemia ya bahari yenyewe imebadilika, na kwamba uwiano wa magnesi kwa kalisi, ambao leo ni zaidi ya tano, ulikuwa mdogo sana hapo kale. Bahari ya Kretasia ilikuwa na kalisi nyingi mno, na bahari yenye kalisi nyingi yaweza kujaza nyufa za mwamba hata bila mwamba huo kutoa kalisi yake kwa wingi. Na kama kalisi ilitoka baharini wala si katika basalti, mwamba haukufanya kazi ya kuiondoa hewa ukaa. Umekuwa chombo tu cha kuwekea chokaa ambayo ingeganda mahali pengine. Liko na pingamizi la tatu, la kikazi: basalti iliyopasuka huvunjika chini ya keekee, na mara nyingi nusu ya mwamba au zaidi haifiki juu ya meli, na vinavyopotea kwanza ni vile vipande vyenye mishipa mingi, kwa kuwa ndipo palipo dhaifu.

Nikiyapima yote, naona upande wa mdhibiti una nguvu zaidi. Basalti ya zama za joto imeoza zaidi hata katika madini yasiyohusiana na kabonati, na mwendo wa strontiamu ndani ya mishipa waonyesha kwamba mwamba ulitoa zaidi katika maji yenye joto kuliko katika maji ya baridi. Lakini kiasi cha udhibiti huo, ikiwa ni robo ya kazi yote ya dunia au ni sehemu ndogo zaidi, hakijathibitika, na kinachodaiwa kwa uhakika na baadhi ya waandishi kimejengwa juu ya visima vichache.

Yafaa sasa turudi kwenye deni tulilolikopa tulipozungumza habari za kipimajoto, yaani asili ya maji. Kwa bahati njema iko nchi moja ambako sakafu ya bahari imeinuliwa ikawa milima, na mtu aweza kuitembea kwa miguu toka juu hadi chini: Oman, nchi ambayo maelfu ya wasomaji wa Kiswahili huiita kwao. Miamba ya Samail, katika safu za Hajar, ni gamba la bahari lenye umri wa miaka milioni 95 hivi, lililosukumwa juu ya Bara Arabu. Robert Gregory na Hugh Taylor waliipima oksijeni yake mwaka 1981, tabaka kwa tabaka, wakakuta kwamba sehemu ya juu iliyooza katika baridi imejaa oksijeni nzito kupita kipimo cha asili cha basalti, yaani 5.7 kwa elfu juu ya maji ya bahari, na sehemu ya chini iliyopikwa na maji ya moto imepungukiwa. Ziada ya juu ilikaribia kulingana na upungufu wa chini. Maana yake ni kwamba bahari na gamba lake hushikiliana, hata oksijeni ya maji isiweze kupotoka mbali na sifuri, yaani kipimo chake cha leo, kwa muda mrefu. Wapo wasiokubali, wakitaja chokaa za kale sana zenye oksijeni nyepesi. Na ubishi huo haungeweza kukatwa kwa oksijeni yenyewe.

Akatajwa basi shahidi mpya. Katika maabara ya John Eiler huko California, mwanzoni mwa karne hii, ilibainika kwamba ndani ya kabonati, kaboni ya 13 na oksijeni ya 18 hupenda kushikana pamoja kupita bahati nasibu, na kwamba joto likipungua ndipo zinaposhikana zaidi. Molekyuli zenye vyote viwili hupimwa kwa uzito wa 47, nazo ni adimu mno, chini ya 50 katika milioni; lakini kipimo hiki hakiulizi kabisa maji yalikuwa ya namna gani, kwa sababu ushikamano umo ndani ya jiwe tupu. Mtafiti akipata joto kwa njia hii, hulirudisha katika kanuni ya Urey na kuyasoma maji. Njia hii inafaa hasa kwa mishipa ya basalti ambayo haikupata kupashwa moto tena. Kalsiti iliyozikwa kwa muda mrefu katika joto la zaidi ya digrii 100 na kitu hupangua atomu zake na kusema uongo.

Oman hiyo hiyo inatupa onyo jingine ambalo nalithamini kuliko yote. Chini ya basalti ya Samail iko peridotiti, ambayo si mwamba wa volkeno kwa maana halisi, bali ni masalio ya tabaka lililozaa volkeno; na humo maji ya mvua hupenya, hubadilika kuwa makali kwa ubesi uliozidi pH ya 11, na kutokea katika mabonde kama chemchemi za maji ya samawati ambayo, yakigusa hewa, huvikwa utando mweupe wa kalsiti. Kaboni ya utando huo ina upungufu uzidio 20 kwa elfu. Asomaye kwa pupa angesema ni kaboni ya viumbe. Kumbe ni hewa ukaa ya anga iliyomezwa na maji makali kwa kasi kiasi kwamba molekyuli nyepesi zilitangulia na mizani ya Urey, inayodai utulivu na usawa, haikupata nafasi. Hali kama hiyo ipo hata kilindini, katika Tuta la Kati la Atlantiki, ambako mwezi Desemba mwaka 2000 iligunduliwa minara ya kabonati iliyopewa jina la Lost City, mingine ikifika kimo cha mita 60, juu ya chemchemi vuguvugu za digrii 40 hadi 90. Peter Kelemen na Juerg Matter, walipopima umri wa mishipa ya Oman kwa kaboni ya 14, waliikuta mingi ni ya maelfu ya miaka tu, ilhali ilidhaniwa kuwa ya zama za Kretasia. Na mwaka 2008 wakakadiria kwamba milima ile hunyonya hewa ukaa kwa makumi ya maelfu ya tani kila mwaka hata sasa.

Ni elimu hii iliyozaa jaribio la Iceland. Mwaka 2012 mradi wa CarbFix uliingiza hewa ukaa iliyoyeyushwa majini ndani ya basalti ya Hellisheiði, ikiwa imetiwa alama ya kaboni ya 14, na mwaka 2016 ikatangazwa kwamba asilimia 95 yake ilikuwa imegeuka jiwe katika muda usiozidi miaka miwili, ambapo wengi walitabiri karne. Kalsiti ilikutwa imeshika hata kwenye pampu ya kisima cha uchunguzi, na isotopu zake zikathibitisha kwamba ni hewa ile ile iliyoingizwa. Lakini msomaji asidanganyike kwamba maumbile yatatuokoa yenyewe: tani milioni 40 za kaboni kwa mwaka zinazofungwa na gamba lote la bahari ni kama moja ya mia mbili na hamsini ya zile tani bilioni 10 tunazozitoa kwa kuchoma mafuta na makaa.

Hatima ya mishipa hiyo ni kushuka na bamba lake chini ya mabara. Sehemu ya kaboni hurudi hewani kwa volkeno, na sehemu huzama. Nao Kaj Hoernle na wenzake walidai mwaka 2002 kwamba kabonatiti, yaani miamba ya moto ya kabonati, za visiwa vya Cape Verde zimetokana na chokaa ya gamba la kale la bahari iliyorejea juu baada ya zaidi ya miaka bilioni moja. Dai hilo bado lajadiliwa, na mimi naliona la kuvutia kuliko lilivyothibitika.

Limebaki neno kwa walimu na wanafunzi wa jiolojia wa Dar es Salaam, Nairobi na Muscat. Mwaka 1972 Glomar Challenger ilichimba katika Bahari ya Hindi ya magharibi, ikiwemo Bonde la Somali mkabala na pwani yetu, na katika baadhi ya visima keekee iliifikia basalti. Vipande vya mwamba kutoka Bahari ya Hindi vimehifadhiwa katika ghala la Kochi, Japani, na mtafiti wa nchi yoyote ana ruhusa ya kuomba sampuli kwa kuandika maombi yenye hoja. Visima vichache ndivyo vinavyoudhoofisha mjadala wote huu, na bahari yetu imechangia kidogo mno. Waombeni.